Biashara au Uchumi: Utachagua Lipi?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Mada ninayokuletea mwaka huu si ya fasihi wala ya sarufi, na mlezi wa Chama aliniuliza ina uhusiano gani na Kiswahili. Nilimjibu kwamba kama tunaweza kujadili tashbihi na takriri kwa Kiswahili, basi hata bei ya omena inaweza kujadiliwa kwa Kiswahili. Alicheka, akanipa kurasa nne.

Kisa chenyewe kilianza nilipokuwa Kidato cha Pili. Fomu za kuchagua masomo zililetwa darasani siku ya Jumatatu na tukaambiwa tuzirudishe Ijumaa. Rafiki yangu tunayeketi naye dawati moja aliandika Elimu ya Biashara bila hata kufikiri. Mimi nikamwambia:

"Mimi naiacha hiyo. Nataka Uchumi, si mambo ya ghala na bima na kuandika madeni ya watu kwa leja."

"Sasa we, Uchumi iko wapi kwa hiyo fomu?"

Nikaangalia juu mpaka chini. Haikuwako! Nikageuza fomu, labda iko nyuma. Wapi! Rafiki yangu alicheka hadi mwalimu wa zamu akachungulia dirishani.

Ukweli ni kwamba katika mtihani wetu wa KCSE hakuna karatasi iitwayo Uchumi. Zamani ilikuwako. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mtihani wa kwanza wa KCSE ulipofanywa mwaka 1989 Uchumi ulikuwa somo kando, Biashara kando, Uhasibu kando, na upigaji taipu pamoja na kazi za ofisi kando. Wazazi wetu wengine walisoma hivyo, ndiyo maana ukienda nyumbani kuomba ushauri unaambiwa, "Chukua Uchumi, achana na Biashara," na unarudi shuleni umechanganyikiwa zaidi. Mtaala uliporekebishwa mwaka 2002, masomo hayo yalitiwa katika chungu kimoja, yakawa Elimu ya Biashara.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni mpangilio wa mada katika chungu hicho. Kidato cha Kwanza na cha Pili unasoma biashara yenyewe: aina za biashara, ofisi, uchukuzi, mawasiliano, maghala, bima, utangazaji wa bidhaa. Uchumi unaanza Kidato cha Tatu. Hapo ndipo unapokutana na mahitaji na ugavi, masoko, pato la taifa, idadi ya watu na ajira. Kidato cha Nne yanaongezeka mambo ya fedha na benki, matumizi ya serikali, mfumuko wa bei, biashara ya kimataifa na mipango ya maendeleo. Kwa hivyo mwanafunzi anayeacha somo hili mwishoni mwa Kidato cha Pili kwa sababu anapenda Uchumi anaondoka mlangoni chakula kikiwa karibu kupakuliwa. Nilibaki nukta moja tu nifanye hivyo. Mwalimu wetu wa Biashara ndiye aliyeniita Alhamisi jioni, akanifungulia kitabu cha Kidato cha Tatu, akanionyesha. Nikafuta nilichokuwa nimeandika.

Lakini hata baada ya kulichagua somo, swali halikuniondoka: Uchumi na Biashara vinatofautianaje? Nilikuja kulijibu sokoni Kibuye.

Mama yangu mdogo anauza omena. Karo yangu, kwa sehemu kubwa, imetoka katika gorogoro lake. Likizo moja nilikwenda kumsaidia, na kwa kuwa nilikuwa nimejaa elimu kichwani, nilichukua daftari nikaanza kumfanyia hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, msije mkamwendea nazo mkidai ndizo nilizoandika. Tuseme ananunua gorogoro kumi kwa shilingi 150 kila moja. Hizo ni 1,500. Pikipiki ya kubeba mzigo ni 100 na ada ya soko 50, jumla 1,650. Akiuza kila gorogoro kwa 200, anapata 2,000. Faida ghafi ni 500, yaani mauzo ukitoa bei ya kununulia. Ukiondoa pikipiki na ada, faida halisi ni 350. Hiyo ndiyo Biashara. Inauliza: pesa gani imeingia, gani imetoka, nani anadaiwa, na kesho tutanunua kiasi gani? Ukiijua hiyo vizuri, hutaibiwa na msaidizi wako wala hutakula mtaji ukidhani unakula faida.

Halafu nikavaa kofia ya Uchumi. Mchumi haulizi tu umelipa nini. Anauliza pia umeacha nini ili ufanye hili unalofanya. Kitu ulichokiacha ni gharama, hata kama hakuna risiti. Nikamwambia mama mdogo, "Hapa Milimani kuna nyumba ambazo ukienda kufua kutwa unalipwa 500. Ukikaa hapa unapata 350. Kwa hivyo, kwa hesabu ya Uchumi, kila siku unapata hasara ya 150."

Akanitazama, akaendelea kupepeta omena zake.

"Nyathina, kufua naitwa mara ngapi kwa wiki?"

Sikujua.

"Siku mbili. Hizo zingine nikae tu nikiangalia ziwa? Na nikiacha meza hizo siku mbili, wateja wangu si watazoea kwa jirani?"

Tulipiga hesabu upya. Siku mbili za kufua ni 1,000 kwa wiki. Siku sita za omena ni 2,100. Hasara yangu ikayeyuka. Kanuni ya Uchumi haikuwa na kosa, niliyekosea ni mimi, kwa maana nililinganisha siku moja ya omena na siku moja ya kufua kana kwamba kazi ya kufua inapatikana kila asubuhi. Kitu unachokiacha lazima kiwe kitu ambacho kweli ungekipata. Tangu siku hiyo, swali la aina hii likitokea katika mtihani siandiki jibu mpaka nijiulize mara mbili. Na mama mdogo kila nikienda huniuliza, "Leo nimepata hasara ngapi?"

Sasa tazama tofauti nyingine. Kwa miaka mingi upande wetu wa ziwa uvuvi wa omena umekuwa ukifungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki hao wadogo wapate kuzaana. Miezi hiyo omena zinakuwa haba na bei inapanda. Mfanyabiashara anajiandaa: ananunua za kutosha mwezi wa Machi, anazianika vizuri, anaziweka mahali pakavu. Jambo la busara. Ila mchumi anauliza: wakinunua wachuuzi wote mwezi wa Machi, itakuwaje? Itakuwa kwamba bei itapanda Machi yenyewe, kabla ziwa halijafungwa, na yule aliyetegemea kununua kwa bei nafuu ataikosa. Jambo ambalo ni jema kwa mtu mmoja linaweza kugeuka likifanywa na wote. Mahitaji na ugavi ndiyo hayo, wala usiogope ile michoro ya mistari miwili inayokatana. Mstari mmoja ni wanunuzi na mwingine ni wauzaji, na pale wanapokutana ndipo bei inapotulia. Anayeelewa soko la Kibuye anauelewa mchoro. Anayekariri mchoro bila soko huusahau jioni ya mtihani.

Ziwa lenyewe ndilo darasa kubwa kuliko yote. Katika Ziwa Victoria, Kenya ina sehemu ndogo sana, kama asilimia 6 tu. Nyingine ni za Tanzania na Uganda. Mvuvi wa Dunga akiongeza wavu wa pili, kitabu chake cha hesabu kitafurahi, maana amepata samaki wengi zaidi. Lakini wakiongeza wote, samaki wanapungua, nyavu zinafanywa za matundu madogo zaidi ili kunasa hata watoto wa samaki, na mwishowe kila mtu ana nyavu mbili na samaki nusu. Hakuna aliyefanya kosa katika leja yake. Leja zote zimesawazishwa, na ziwa linaisha. Mama mmoja Mmarekani, Elinor Ostrom, alitumia maisha yake kuchunguza mambo ya namna hii: misitu, mifereji ya maji, sehemu za uvuvi. Alionyesha kwamba watu wanaotumia mali ya pamoja mara nyingi wanaweza kuilinda wenyewe, wakikubaliana kanuni na kuchungana. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Hapa kwetu zipo kamati za ufuo, ambazo kanuni zake zilitungwa mwaka 2007, na ukifika kwenye bichi yoyote kubwa utazikuta. Zinafanya kazi vizuri au vibaya? Hilo waulize wavuvi, watakujibu kwa sauti.

Kuna wanafunzi wanaodhani Biashara ni ya walioshindwa na Uchumi ni wa wenye akili. Wengine wanasema kinyume, kwamba Uchumi ni maneno matupu na Biashara ndiyo pesa. Mimi naona historia ya watu wa ziwa hili inawakanusha wote. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa mwalimu Maseno. Mwaka 1947 yeye na wenzake walikuwa na shirika lao, Luo Thrift and Trading Corporation, wakikusanya mtaji kwa kuuza hisa kwa watu wa kawaida, na baadaye shirika likamiliki hata mtambo wa kuchapisha. Ukisoma mada ya makampuni na hisa katika Kidato cha Pili, hayo ndiyo wanayoyaeleza, ila kitabu kinatoa mfano wa mbali wakati wa karibu upo. Odinga alitaka Mwafrika aonekane anaweza kuendesha biashara yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa siasa, ndiyo, lakini ilihitaji mtu anayejua kutunza daftari la hisa.

Upande wa pili yuko Tom Mboya, ambaye ukoo wake ni wa Kisiwa cha Rusinga. Mwaka 1965, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, serikali ilitoa Waraka Nambari 10 uliotaja Usoshalisti wa Kiafrika. Ndani yake mlikuwa na uamuzi mzito: fedha za maendeleo ziwekwe zaidi pale ambapo zitazaa haraka, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na barabara, kisha faida yake isaidie sehemu nyingine. Huo ni Uchumi mtupu, swali la kugawa kidogo kilichopo. Na papo hapo, Julai 1965, mchumi mwingine wa kutoka huku kwetu, Barack Obama wa Kogelo, baba yake yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliandika makala katika jarida la East Africa Journal akiuhoji waraka huo. Alikuwa amesoma Uchumi Hawaii na Harvard. Wote wawili walitumia somo lilelile na hawakukubaliana. Mpaka leo watu wa sehemu zilizobaki nyuma wanaulalamikia ule waraka wa 1965. Kwa hivyo mtu akikwambia Uchumi ni maneno matupu, mwulize lami ya kwao ilifika lini.

Mfano mmoja zaidi kisha nije kwenye mambo ya fomu. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya mbuta hapa Kisumu vilikuwa vikiuza nje, hasa Ulaya. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili, baada ya habari kwamba kuna watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Mwenye kiwanda anaweza kuwa alitunza vitabu vyake barabara, alilipa wafanyakazi kwa wakati, alinunua bima. Haikumsaidia, maana tatizo halikuwa ndani ya kiwanda. Lilikuwa katika biashara ya kimataifa, mada ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu iko karibu na mwisho wa kitabu. Mvuvi, mpagazi, muuza barafu na mama wa mgongowazi (yale mafupa ya mbuta yanayobaki minofu ikitolewa, ambayo hukaangwa na kuuzwa) wote waliguswa na uamuzi uliofanywa mbali sana na Dunga.

Haya, sasa fomu. Ndugu zetu wa Gredi ya 10, kwenu mambo yamebadilika jina, si sana maana. Elimu ya Biashara imewekwa katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Ukiichagua, usitarajie uchuuzi peke yake, na usitarajie Uchumi peke yake. Sisi wa 8-4-4 tunaofunga mlango tunafanya karatasi mbili. Ya kwanza ina maswali mafupi 25, na humo huwezi kuchagua wala kukwepa, kwa hivyo anayechukia uhasibu ataupata na anayechukia Uchumi ataupata. Ya pili ina maswali sita, unajibu matano, kila moja alama 20. Wajanja hufikiri wataacha swali la uhasibu katika karatasi ya pili. Mimi nawashauri wasifanye hivyo. Maswali ya maelezo yanategemea jinsi ulivyojieleza, lakini taarifa ya hesabu ikisawazika imesawazika, mwalimu anayesahihisha hana la kubishana nawe.

Kosa kubwa ninaloliona ni la wale wanaosema, "Nachukua Biashara ili nisomee Uchumi chuo kikuu, Hisabati nitaona baadaye." Hapo wamegeuza mambo juu chini. Kwa kawaida somo la Biashara si sharti la kusomea Uchumi wala shahada ya biashara. Linalotazamwa sana ni Hisabati. Uchumi wa chuo kikuu ni Hisabati iliyovaa koti. Nimeviona vitabu vya binamu yangu na nilivifunga haraka. Kwa hivyo kama unaupenda Uchumi na unaweza kuchagua somo moja tu la kulitilia bidii usiku, liwe Hisabati. Na ninyi wa Gredi ya 10, kwa kuwa kuna Hisabati ya wanaokwenda sayansi na nyingine nyepesi ya wengine, ulizeni mapema chuo mnachokitaka kitadai ipi, kabla hamjafurahia wepesi.

Kama kweli unataka Uchumi uwe somo peke yake kabla ya chuo, basi upo ng'ambo ya mpaka. Uganda, katika kidato cha tano na cha sita, mwanafunzi huchukua masomo makuu matatu, na Uchumi ni mojawapo, kando na somo la Ujasiriamali. Wakenya wengi kutoka sehemu zetu wamewahi kuvuka Busia kwenda kusoma huko. Tanzania nako kwa miaka mingi wamekuwa na michepuo kama EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, au ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu. Tazama walivyopanga: Uchumi mara unakaa na Hisabati, mara na Uhasibu. Ukijua unapenda upande upi, tayari umejua mengi juu yako mwenyewe.

Na utajuaje unapenda upande upi? Mimi na rafiki yangu tulijaribu jambo moja. Tulikwenda Jumamosi sokoni tukasimama mahali ambapo samaki wa barafu kutoka Uchina wanauzwa, si mbali na meza za ngege wa ziwa letu. Kila mmoja aandike maswali yanayomjia kichwani, bila kuonyeshana. Yeye aliandika: katoni moja ina samaki wangapi, friji inakula stima ya pesa ngapi, wateja wa hoteli wanaomba samaki wa ukubwa gani, nikianza na shilingi elfu ishirini nitazirudisha lini. Mimi niliandika: inawezekanaje samaki aliyesafiri bahari nzima auzwe rahisi kuliko wa hapa Dunga, wavuvi wanaokosa soko wanakwenda kufanya kazi gani, na serikali ikimzuia huyu wa Uchina nani atafaidi na nani atakula mboga bila kitoweo. Tulipobadilishana karatasi tulicheka. Yeye maswali yangu aliyaona ya kupoteza wakati. Mimi yake niliyaona madogo, hadi nilipojaribu kuyajibu na kushindwa hata lile la friji.

Sasa tuko wote Kidato cha Nne katika somo moja. Yeye huongoza darasa kunapokuja leja na daftari la fedha, mimi hupata nafuu kunapokuja pato la taifa, na jioni tunafundishana. Yeye anataka kufungua duka la baridi la samaki. Mimi bado napigana na Hisabati.

Anayetaka madaftari yangu ya Kidato cha Tatu atayapata katika kabati la Chama, rafu ya chini. Mada ya mahitaji na ugavi iko mwanzoni, michoro nimeichora kwa bei za omena. Ukurasa wa faida na hasara una doa la mafuta ya samaki, lakini unasomeka.